Nyumba Isiyokula Chochote

Ukiitafuta nchi ya Kipupwe kwenye ramani ya simu, kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mwisho kanakwambia ujaribu tena baadaye. Lakini ipo jamani, msinibishie. Ipo juu kabisa milimani, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozijua, halafu ina baridi. Na hiyo baridi si ya kusema utavaa sweta yaishe. Huko mtu akitoa mkono mfukoni kukusalimia, ujue anakupenda. Mbuzi wanalala wamekumbatiana, hata wale waliopigana mchana.

Miaka yote watu walikuwa wanaota jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa, wanakohoa kwa zamu. Serikali ikaona hii si sawa, ikaunda Wizara ya Joto. Wizara ikapewa jengo refu, magari, waziri, naibu waziri, na kitengo kizima cha kushughulikia lugha, maana iligundulika kwamba wananchi wanatamka neno "baridi" ovyo ovyo na kuchafua jina la nchi. Kuanzia hapo ikawa marufuku kusema kuna baridi. Unasema "joto liko njiani." Watu wakazoea. Unamkuta mtu meno yanagongana, anamwambia jirani yake, aisee, leo joto liko njiani kweli kweli.

Sasa humo Kipupwe alikuwepo msusi mmoja anaitwa Tupokile. Alikuwa anaishi na mama yake, Bibi Subilaga, kikongwe mwembamba kama ufagio, ambaye moshi wa mkaa ulikuwa umemmaliza kifua. Akikohoa, majirani wa pande zote wanasema pole. Daktari alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akakivua kile chombo masikioni pole pole, akamvuta Tupokile pembeni. Akamwambia huyu mama akipitisha msimu mwingine mmoja na jiko la mkaa, asimrudishe hospitali, apitie tu kwa seremala.

Tupokile alilia hadi kituo cha basi. Halafu akafuta machozi, akashika simu, akajiandikisha kwenye bahati nasibu ya Nyumba Isiyokula.

*

Nyumba Isiyokula ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Haili umeme, haili kuni, haili mkaa. Kuta nene kama godoro la watu wenye hela, madirisha ya vioo vitatu, hakuna pa kupitisha hata mluzi. Wizara ilijenga mtaa mzima, ikaweka majina ya waombaji kwenye ndoo, ikachezesha mbele ya televisheni. Wakatoka ndugu wa waziri, mmoja baada ya mwingine, kwa bahati tu. Walipoisha ndugu wakatoka mashemeji. Walipoisha mashemeji, ndoo ikawa haina namna, ikamtoa Tupokile.

Siku ya kukabidhi nyumba alikuja Waziri wa Joto mwenyewe, Mheshimiwa Lwitiko. Huyu baba alikuwa na mwili, sikieni hivyo hivyo. Tumbo lilifika jukwaani, mkutano ukapiga makofi, yeye mwenyewe akawa bado anapanda ngazi. Alivaa shati la mikono mifupi katika ukungu ule, na jasho lilikuwa linamtoka. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, serikali yenu haiwezi kuwapa joto. Joto mnalo. Mmezaliwa nalo. Kazi ya serikali ni kuwapa mahali pa kulitunza."

Watu walishangilia, maana ukishangilia unapata joto.

Kisha akaeleza masharti. Ukutani kwa kila nyumba kuna kitaa. Kikiwa kijani, nyumba ina joto la kutosha. Kikiwa bluu, joto liko njiani. Mwenye nyumba haruhusiwi kuwasha jiko la mkaa wala hita ndani hata siku moja, kupika ni nje uani. Mwisho wa msimu itakuja siku ya ukaguzi. Jua likizama siku hiyo kitaa kikiwa kijani, nyumba ni yako, wewe na vizazi vyako. Kikiwa bluu, nyumba inarudi wizarani na kupewa mwananchi mwenye joto zaidi yako.

Tupokile akamtazama mama yake, akaitazama ile nyumba isiyo na moshi, akasema moyoni hapa sitoki.

*

Wakahamia. Wakafunga mlango. Wakakaa kwenye kochi wakisubiri joto.

Kitaa bluu.

Asubuhi yake bluu. Bibi Subilaga kavaa mablanketi yote, kimebaki kichwa tu, anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Hakukohoa, maana moshi haukuwepo, lakini midomo ilikuwa inapauka na vidole vimekakamaa hata kijiko hakishikiki. Tupokile akaenda kwa Afisa Joto wa Kata, kijana anaitwa Ipyana, ambaye alivaa masweta manne yakiwa yamefuatana kwa urefu, kola juu ya kola. Akamweleza. Ipyana akaja, akagusa ukuta, akagusa dari, akafurahi.

"Dada, nyumba ina joto," akasema. "Mwenye baridi ni wewe."

Halafu akajishika mdomo kwa lile neno, akachungulia nje kama kuna mtu amesikia.

Ndipo akamfungukia. Nyumba Isiyokula haina hita kwa sababu hita ni wenyeji. Miili yenu ndiyo inayopasha, kuta zinalinda. Wataalamu walipiga hesabu kwa familia ya kawaida ya Kipupwe, baba, mama, watoto saba, bibi wa upande wowote, na ndama wa hiari. Tupokile akamwambia humu ndani tuko wawili, na huyu mmoja ukimweka kwenye mizani mshale hausogei. Ipyana akakuna kichwa, akasema basi ongezekeni. Tupokile akamuuliza tuongezeke vipi na mimi sina hata mchumba. Ipyana akasema yeye si mshauri wa ndoa, yeye ni Afisa Joto.

Mwisho wa mwezi mita ya umeme ilikuwa imelala fofofo. Haijasogea hata uzi. Tupokile akasema angalau hapa nimeponea, bili itakuwa sifuri. Ikaja. Matumizi, sifuri kweli. Chini yake ada ya kutotumia. Chini yake ada ya kupima kutotumia. Na chini kabisa, kwa maandishi ya kupendeza yenye maua pembeni, ada ya pongezi.

*

Aliyeokoa jahazi ni Mjomba Ambokile. Huyu alikuwa dalali wa ng'ombe, mtu wa kifua na shingo, akikaa kochi linalalamika. Alikuja na wake zake wawili na watoto kuiona nyumba mpya, kama desturi. Wakajibana sebuleni, wakala, wakaanza ubishi wa ng'ombe aliyeuzwa akiwa na mimba. Katikati ya ubishi Bibi Subilaga akatoa mkono kwenye blanketi. Akatoa na mwingine. Akavua blanketi la juu, akauliza ni nani amewasha moto.

Tupokile akageuka ukutani. Kitaa kijani.

Yaani alicheza. Alicheza peke yake katikati ya sebule, mjomba akadhani ni kwa sababu ya ugeni, naye akacheza, na kijani kikazidi kukolea. Usiku huo huo Tupokile akaweka picha kwenye simu, akaandika: karibuni wote muione nyumba yetu. Wakaja. Wakaja ndugu, wakaja wateja wa nywele, wakaja watu waliosoma na binamu ya mtu. Joto likawa joto, mpaka wageni wakawa wanakaa na fulana. Bibi akashika kijiko mwenyewe. Mashavu yakamrudia. Siku moja aliimba.

Shida ikawa moja. Wageni wanakula. Mita ya umeme imelala, lakini sukari inakwenda, mchele unakwenda, mafuta ya kula yanakwenda, na Tupokile anasuka mpaka vidole vinaota sugu ili sufuria lisikauke. Nyumba Isiyokula ilikuwa imeajiri watu wa kula kwa niaba yake. Halafu nao wakashtukia thamani yao. Mjomba Ambokile akaletewa maharage akayasogeza pembeni, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwa maharage mimi natoa vuguvugu tu. Ukitaka moto, nyama."

Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi, ambalo wataalamu hawakulipigia hesabu.

Mtu wa Kipupwe akija kwako, anakaa, anakula, anasifia mapazia, na hasemi kilichomleta. Kilichomleta anakisema wakati wa kuaga, mlango uko wazi, mkono kwenye fremu, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Hapo ndipo anapokumbuka mgogoro wa shamba, ugonjwa wa shemeji, na ombi la mkopo. Na wewe mwenyeji huwezi kufunga. Kumfungia mlango mtu anayeaga ni kumwambia asirudi hata kwenye msiba. Naye anayeaga hawezi kuondoka hadi umwambie karibu tena, la sivyo amefukuzwa. Kwa hiyo mnasimama. Injinia aliyechora nyumba hizi alisomea nchi za watu, ambako mtu akisema anatoka, anatoka. Akaandika mlango utafunguka kwa muda wa kupita mtu. Masikini, hakuwahi kuagana na shangazi.

Kila mgeni akiaga, ukungu unaingia kama ng'ombe zizini, kitaa kinageuka bluu, Bibi anarudi kwenye mablanketi, na lazima waitwe wageni wengine kuanza upya.

*

Wizara nayo haikulala. Siku moja Ipyana alikuja akakuta sebule imejaa, akaona kijani, akauliza hili joto linatoka wapi. Akaonyeshwa mjomba. Akapiga simu makao makuu. Huko kikaitishwa kikao, kikao kikazaa kikao, na ikaamuliwa kwamba mgeni ni chanzo cha nishati na anapaswa kusajiliwa. Ipyana akarudi na vibandiko vyenye nyota, akawapima watu kwapani, akawabandika kifuani. Mjomba Ambokile alipata nyota tano. Alivaa kibandiko kile hadi mnadani, na inasemekana bei ya ng'ombe wake ilipanda.

Lakini siku ya ukaguzi ilipokaribia ikatoka amri nyingine redioni. Wageni wote wenye nyota na wasio na nyota watoke. Kitakachopimwa ni wenyeji na nyumba yao, maana kumeonekana udanganyifu wa miili.

Wakatoka, wakiaga mmoja mmoja, kila mmoja na lililomleta. Walipoisha, Bibi Subilaga alikuwa anatetemeka hata mablanketi yanaonekana yana mtu anayakung'uta. Tupokile akafunga mlango, akapanda kochini, akamkumbatia mama yake. Akawaza daktari. Akawaza ile nyumba yao ya zamani na jiko lake. Akawa anampulizia pumzi kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Mwanangu, usijichoshe," Bibi akasema. "Tukirudi kule tutakuwa tunafungua dirisha."

"Kule hakuna dirisha, mama."

"Basi tutatoboa."

Tupokile aliendelea kupuliza.

*

Ukaguzi ulikuja na ving'ora. Msafara ukapanga magari barabara nzima, yote yakiunguruma, joto limewashwa ndani hadi madereva wameshusha vioo. Aliyeingia ni Mheshimiwa Lwitiko mwenyewe, na nyuma yake Ipyana na kalamu. Jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja kugusa mlima.

Mheshimiwa akakaa. Akaletewa chai na vitumbua vya mwisho wa unga. Akala huku akieleza dira ya wizara, mikakati ya wizara, na changamoto za wizara, ambazo zote zilisababishwa na wananchi kuwa wachache ndani ya nyumba. Alivyokuwa anaongea alitoa jasho, na jasho likatoa mvuke. Tupokile akaangalia ukutani. Kitaa kimegeuka kijani, tena kijani cha majani ya mgomba. Akasali kimya kimya kwamba huyu baba atosheke na chai, aage, atoke upesi, mlango ufungwe, na joto lake libaki hadi jua lizame.

Mheshimiwa akaaga. Akafika mlangoni. Akafungua. Akaweka mkono kwenye fremu, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Sasa mama," akasema, "kilichonileta hasa."

Ukungu ukaingia miguuni. Mheshimiwa akaanza, kijana wake anaoa. Ni kijana mzuri, wa mwisho, analala kwa kaka zake. Ubaya nyumba zote zimeshapata wenyewe. Harusi ni baada ya mavuno. Bibi harusi anatoka familia ya watu warefu. Akaeleza mahari, akaeleza ukumbi, akaeleza keki. Na kila akimaliza jambo moja alikuwa anatupa jicho dogo ukutani, kwenye kitaa.

Hapo Tupokile akaelewa. Kijani kikafifia. Kikapepesa. Kikawa bluu. Nyuma yake kochi lilianza kutetemeka lote. Jua limekaa juu ya mlima kama yai. Mheshimiwa ndiyo kwanza amefika kwenye rangi za vitambaa.

Tupokile akafunga mlango.

Akaufunga. Mbele ya waziri wa serikali, katikati ya sentensi, akausukuma hadi ukasema ta. Ipyana, aliyekuwa bado ndani, kalamu ikamdondoka. Nje palikuwa kimya, hata magari ni kama yalipunguza sauti. Tangu Kipupwe iitwe Kipupwe hakuna mtu aliyewahi kufanyiwa vile, hata mtoza kodi. Na Mheshimiwa hakuweza kuondoka, maana hajaambiwa karibu tena. Walinzi wakamzunguka wasijue wamlinde na nini. Walikuwa wamefunzwa risasi, hawakufunzwa kuaga kulikokatika.

Ndani, kitaa bluu. Tupokile na mama yake na Ipyana, ambaye hata kwa masweta manne alikuwa mifupa mitupu.

"Mwanangu," Bibi Subilaga akasema kwa shida, "yule baba umemwacha nje?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mwili wote ule unapasha ukungu?" Akatoa kidole kimoja kwenye blanketi. "Mlete. Ana faida yule."

Tupokile akafungua. Mheshimiwa alikuwa anavuta pumzi ya kutangaza hali ya hatari, ila kabla hajaitoa, Tupokile alishapiga magoti, kaangalia chini, sauti ya asali. Akasema Mheshimiwa nimekosa, mkono uliteleza, hatujaagana vizuri, tafadhali rudi umalizie hilo la harusi ukiwa umekaa. Na mtu wa Kipupwe akiombwa kurudi na mwenyeji aliyepiga magoti, mbele ya msafara wake wote, atafanyaje? Akarudi. Mlango ukafungwa.

Bibi akapiga-piga kochi pembeni yake. "Kaa hapa, baba. Kwanza huyo binti ni wa ukoo gani?"

Akakaa. Akajibu. Bibi akauliza babu yake binti alikuwa nani, na yule babu aliachana na nani, na kwa nini. Mheshimiwa akajaribu kujibu kwa kifupi, lakini yeye kwa kifupi hajui. Tupokile akamuuliza wizara imejenga nyumba ngapi. Hapo akalipuka. Akahutubia pale pale kochini, akapiga ngumi gotini, shingo ikaiva, mvuke ukapanda hadi darini. Bibi alishaingiza mikono yote miwili chini ya kwapa la Mheshimiwa na kuegemeza kichwa pale tumbo linapoanzia.

Kitaa kikapepesa. Kijani.

Jua likazama.

Mheshimiwa akashtuka, akaangalia ukuta, akaangalia dirisha, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kisha akamwambia Ipyana kwa sauti ya chini asiandike, hilo ni joto la mgeni, halihesabiki.

Ipyana aliokota kalamu. Akaifuta kwenye sweta la juu, akafungua karatasi.

"Mheshimiwa, samahani," akasema. "Mgeni ni mtu anayekuja kutembea. Wewe umekuja kikazi." Akaandika kijani, akapiga na mstari chini, akatia sahihi haraka haraka kabla ujasiri haujamwisha.

Tupokile alitaka kupiga vigelegele, akabaki kamshika Ipyana masweta.

Mheshimiwa alivimba. Alikusanya pumzi, akaweka mikono kwenye magoti ainuke aende akafukuze watu kazi. Hakuinuka. Akatazama chini. Bibi Subilaga alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, mashavu mekundu, kifua kinapanda na kushuka pole pole bila kikohozi, kichwa chote kimezama kwenye tumbo la serikali. Mablanketi yalikuwa yameanguka sakafuni na hakuna aliyeyahitaji.

Mheshimiwa akajaribu kusogea kidogo. Bibi akaguna usingizini, akamshika shati.

Nje msafara wote unaunguruma, ving'ora vinalia kwa kupokezana. Mwisho akatoa simu mfukoni kwa vidole viwili, taratibu, akampigia dereva, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Zimeni magari," akanong'ona. "Mama amelala."